Sura ya Tano: Miezi Isiyo na Mwalimu

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano hutangazwa na TAMISEMI kati ya Mei na Juni, na wanafunzi huripoti shuleni Julai. Piga hesabu mwenyewe: ni miezi saba ambayo kijana si wa shule aliyotoka wala si wa shule aendayo, na hakuna rejesta yoyote nchini yenye jina lake. Mtaala wa kidato cha nne upo, wa kidato cha tano upo, hapo katikati hapana mwenyewe.

Sasa tazama upande wa pili wa kalenda. Mtihani wa kidato cha sita huanza Mei. Anayeripoti Julai anaambiwa ana miaka miwili, lakini kutoka Julai hiyo hadi mtihani ni miezi 22 tu. Toa likizo za Desemba na Juni, toa mock, toa wiki za mwanzo za kutafuta vitanda na kuzoeana, toa mwezi wa mwisho wa marudio. Muda unaobaki wa kufundishwa hasa hauzidi sana mwaka mmoja na nusu. Ukiiweka miezi saba ya kusubiri kando ya hiyo 22, ni karibu theluthi yake, na inapita bila mtu kumuuliza mwenzake chochote.

Huko Marekani, mwanafunzi wa sekondari anayejiandikisha kwa masomo ya juu yanayoitwa AP, ambayo mitihani yake nayo hufanyika Mei, mara nyingi hupewa na mwalimu wake kazi ya likizo ya kiangazi: riwaya za kusoma, sura za kupitia, maswali ya kuleta shule zikifunguliwa. Likizo yake ni ya wiki kumi hivi. Yetu ni mara tatu ya hiyo, na kijana hapewi hata karatasi moja.

Nyumbani mambo huenda hivi. Desemba analala, na ana haki ya kulala. Januari matokeo yakitoka kunakuwa na vigelegele au ukimya. Februari anageuka mtu wa kutumwa: duka la mjomba, mpunga wa bibi, mtoto wa dada asiye na wa kumlea. Mabinti ndio hupotelea humo zaidi, kwa sababu kazi za ndani hazina saa ya kufunga na hakuna anayezihesabu kuwa kazi. Machi na Aprili ni simu. Orodha ya TAMISEMI ikitoka, nyumba nzima inashtuka na kuanza kutafuta tranka.

Wenye uwezo huliziba pengo kwa tuisheni. Kuanzia Januari nguzo za umeme mijini hubandikwa matangazo ya prifomu faivu: PCM, PCB, EGM, HGL, walimu mahiri, notsi za uhakika. Sina ugomvi na tuisheni yenyewe. Wapo walimu wa mtaani wanaofundisha vizuri kuliko wengi wenye ajira. Ugomvi wangu ni wa mpangilio. Kituo kinauza kile ambacho mzazi anataka kununua, na mzazi anataka kusikia kwamba mwanawe ameshaanza fomu faivu. Basi mada za Fizikia zinakimbizwa kwa miezi mitatu, ubao unajaa, kaunta buku zinajaa. Julai kijana anaingia darasani, anakutana na vichwa vya habari anavyovijua, anajilegeza akiamini alishavipita. Mwalimu anapofika mahali pagumu, yeye hayupo. Na kibaya zaidi, kinachomwangusha mwanafunzi wa kidato cha tano aghalabu si cha kidato cha tano. Ni cha kidato cha pili na cha tatu. Hakuna mzazi anayelipa ada ili mwanawe aliyefaulu akafundishwe logi upya.

Mimi nasema hiyo ndiyo ada ya kulipa, au kazi ya kuifanya bure nyumbani. Miezi hii itumike kurudi nyuma kwanza.

Tuanze na alama, maana ndizo zinazowashtua wengi. Kidato cha nne, 45 ni C, na C tatu ndizo zinazokufungulia mlango wa kidato cha tano. Kidato cha sita, 45 hiyohiyo ni E. C ya huko inaanzia 60, na A inaanzia 80 badala ya 75. Maana yake ni kwamba kijana aliyeingia PCM kwa 48 ya Fizikia, akibaki vilevile alivyo, asiongeze wala asipunguze, ana E mkononi.

Halafu kuna suala la kujificha. Divisheni ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, pointi 7 hadi 17 zikiwa daraja la kwanza. Humo A ya Kiswahili na B ya Uraia huweza kulibeba somo moja lililochechemea. Kidato cha sita kinahesabu masomo matatu tu ya kombi yako, na daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9. General Studies haimo kwenye hesabu hiyo, wala Hisabati ile ndogo inayoitwa BAM. Somo likichechemea, linachechemea hadharani. Ndiyo maana utasikia mtaani kwamba fulani alikuwa na wani ya pointi 12 fomu foo, akaja kupata thrii fomu siksi, na watu wakadhani alirogwa au alipata mchumba. Mara nyingi hakuna lililobadilika kwake. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Mfumo huu wa kuchimba masomo machache kabla ya chuo kikuu tuliurithi kwa Waingereza. Mitihani ilikuwa ikitoka Cambridge, kisha likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Baraza letu la Mitihani, NECTA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya iliuacha mfumo huo ilipochukua 8-4-4 katika miaka ya 1980. Sisi na Uganda tumebaki nao, pamoja na tabia yake ya msingi: swali la kidato cha sita halikuulizi kama umesikia jambo, linakuuliza kama unaweza kulifanyia kazi katika hali ambayo hukuonyeshwa.

Mfano mmoja utafafanua zaidi ya maelezo mengi. Katika mada ya mionzi, mwanafunzi wa kidato cha nne huulizwa hivi: kitu fulani hupungua nusu kila baada ya siku 5, ukianza na gramu 80, zitabaki ngapi baada ya siku 15? Anagawa kwa mbili mara tatu, 40, 20, 10, na anapata alama zote. Sasa badilisha swali, liwe siku 12 na nusu. Kugawa kwa mbili mara mbili na nusu hakuna. Waliozoea jedwali la kugawanya husimama hapo. Wengine huchukua katikati ya 20 na 10 na kuandika 15, jibu linaloonekana la busara na si sahihi. Jibu ni gramu 14 na kidogo, na njia ya kulifikia ni vipeo na logi. Kidato cha tano na sita kinadhani unazo. Na kweli ulifundishwa. Ulifundishwa kidato cha pili, ukafanya mazoezi ya wiki chache, ukafaulu jaribio, ukasahau, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna somo lililokudai tena. Kemia itakudai utakapofika kwenye kasi ya mmenyuko na pH. Jiografia yenye takwimu itakudai. Hata Bailojia itakudai, siku mtakapochora grafu ya kuongezeka kwa bakteria.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, basi, kazi ya kwanza ya Januari ni kuchukua karatasi za zamani za Hisabati ya kidato cha nne na kuzifanya zote, maswali yote, akiwa peke yake na bila kuangalia majibu. Hata mwenye B afanye. Hata mwenye A, ingawa yeye atamaliza mapema. Anatafuta mahali mkono unaposita: kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine, sehemu zenye herufi chini ya mstari, kwadratiki isiyogawanyika vizuri, pembe zinazozidi 90. Nimeona vijana wakiamini kwamba Fizikia ya kidato cha tano ni ngumu kumbe Fizikia wanaielewa. Kinachowashinda ni kutoa herufi moja nje ya kipeuo. Mwalimu wa kidato cha tano hatasimama kwa ajili hiyo. Ataandika mstari wa kwanza na wa mwisho, na kusema katikati mtajaza wenyewe.

Pengo la pili la sayansi ni la wazi zaidi, na la ajabu kidogo. Hisabati ya kawaida ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina difrenshiesheni wala integresheni. Wanaozijua ni wachache waliochukua Hisabati ya Ziada. Kidato cha tano, mwalimu wa Hisabati anaanza na vikokotoo, seti na mantiki, anakwenda kwa utaratibu wake, na difrenshiesheni ataifikia baadaye. Mwalimu wa Fizikia hawezi kumsubiri. Akifika kwenye mwendo wa kitu kinachobembea kwenye springi, anahitaji kuonyesha kwamba kasi ni badiliko la umbali na mchapuko ni badiliko la kasi, na anayaandika mabadiliko hayo kwa alama ambazo nusu ya darasa haijapata kuziona. Darasa linanakili. Wenye bidii wanakariri. Hapo ndipo ule msemo wa kupiga msuli unapopata maana yake mbaya: kukesha na kitu ambacho ungekielewa kwa mchana mmoja kama ungekuwa umeandaliwa.

Maandalizi yenyewe si makubwa. Chukua karatasi ya grafu, chora y = x² kwa uangalifu, kuanzia 0 hadi 4. Weka rula iuguse mkunjo pale x ilipo 1, chora mstari, pima mteremko wake. Utapata karibu na 2. Rudia pale x ilipo 2, utapata karibu na 4. Pale ilipo 3, karibu na 6. Usiende kwenye kitabu kabla hujaona mwenyewe kinachotokea. Baada ya hapo fungua sura ya difrenshiesheni katika kitabu chochote cha Hisabati ya Ziada, na kanuni utakayoikuta humo itakuwa inakwambia jambo ulilokwisha kulipima kwa rula. Fanya vivyo hivyo na eneo lililo chini ya mkunjo, kwa kuhesabu vijiraba. Hiyo ni kazi ya wiki mbili kwa asiye na haraka, na inamfaa wa PCM, wa PCB atakayesoma BAM, na wa EGM vilevile.

Kemia ina deni moja kubwa nalo ni mole. Anayejua kutembea kutoka gramu kwenda mole, kutoka mole kwenda ujazo wa gesi au ukolezi wa myeyusho, na kurudi, ataikuta nusu ya Kemia ya nadharia ikiwa nyepesi. Asiyejua atakutana na mole kwenye gesi, kwenye nishati, kwenye msawazo, kwenye taitresheni, na kila mara atadhani ni mada mpya iliyomshinda. Zilizobaki, kama maumbo ya obitali na mfumo wa kutaja majina ya ogani, zinaweza kumsubiri mwalimu Julai. Kuhusu maabara, aliyetoka shule yenye bureti mbili kwa darasa zima hana la kufanya akiwa nyumbani, na asijilaumu. Shule za kidato cha tano zimezoea kuwapokea wa namna yake.

Bailojia hudharauliwa. Wengi huingia PCB wakiiona kama somo la kupumzikia, la kumeza na kutema. Kidato cha tano huanza na seli, na ndani ya wiki chache sentensi za kitabu zinakuwa ndefu kuliko aya za kidato cha nne. Tatizo la Bailojia ni tatizo la kusoma, na hapo linaungana na la wenzao wa sanaa.

Nitasema wazi kuhusu Kiingereza, kwa kuwa kinazungukwa sana. Wengi wa waliosoma shule za kata wamesomeshwa kwa mchanganyiko: mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika ubaoni kwa Kiingereza, mwanafunzi ananakili cha ubaoni na kuelewa cha mdomoni. Mtihani wa kidato cha nne, wenye maswali mengi ya majibu mafupi, unavumilia hali hiyo. Kidato cha sita hakivumilii, maana mwanafunzi wa Historia au Uchumi anatakiwa kuandika kurasa kadhaa za hoja, kwa lugha ambayo hajawahi kuiandikia kurasa mbili mfululizo za mawazo yake mwenyewe. Kusema hivi si kuisifu lugha hiyo wala kuunga mkono sera. Mjadala wa lugha ya kufundishia una umri mrefu kuliko wazazi wa wasomaji wangu, na hautamalizika kabla ya Julai.

Njia ninayoipendekeza haihitaji kozi. Soma ukurasa mmoja wa kitabu cha somo lako, ukurasa mmoja tu. Funga kitabu. Mweleze mdogo wako, au mama jikoni, au ukuta, kwa Kiswahili, ulichokisoma. Ukishindwa kukieleza kwa Kiswahili, hukukielewa, na Kiingereza chako hakina kosa. Ukiweza, chukua kalamu uandike maelezo yaleyale kwa Kiingereza, sentensi fupi, kisha ufungue kitabu ulinganishe. Kijana atakayefanya hivyo siku nyingi za Februari na Machi atafika Julai akiwa na kitu ambacho hakuna kituo kinachokiuza, yaani mkono uliozoea kuandika.

Kwa wa HGL, HKL, HGK na jamaa zao, kitu kingine cha kurekebisha ni tabia ya kusoma muhtasari. Kidato cha nne wengi hufaulu fasihi bila kukifungua kitabu chenyewe. Wana kijitabu cha uchambuzi chenye dhamira, wahusika, mbinu, vyote vimepangwa tayari. Ninavielewa vijitabu hivyo, maana riwaya moja husomwa na wanafunzi 60. Lakini miezi saba ni muda wa kutosha kusoma riwaya nzima, tena kadhaa, bila kuulizwa dhamira. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kutengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ni mojawapo ya zilizosomwa kwa miaka mingi kidato cha tano na sita. Isome kwanza kama hadithi. Mfuate Yasmin katika Zanzibar ya wakoloni, ucheke panapochekesha, ukasirike. Uchambuzi utakuja, na utaukuta una mtu wa kubishana nao.

Kwa Historia ningeweka kitabu kimoja kizito mkononi mwa kijana na kumwambia asimalize. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, wakati Rodney akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sura moja inatosha. Mwanafunzi ataona jambo ambalo notsi za shule haziwezi kumwonyesha: mwandishi anadai kitu, anakitolea ushahidi, anakutana na pingamizi, anajibu. Insha ya kidato cha sita inataka hivyo, wakati wengi wanaandika orodha ya vipengele sita vyenye sentensi mbili mbili, kama walivyozoea. Mwenye Uchumi ana bahati na balaa kwa pamoja, kwa kuwa wengi hawakulisoma somo hilo hapo nyuma na wote wanaanza mstari mmoja. Asome kurasa za biashara za magazeti, ajue mfumuko wa bei ni nini na Benki Kuu inafanya nini juu yake. Inatosha.

Katikati ya haya yote kuna uamuzi wa kombi, ambao kwa wengi hufanywa kwa haraka kuliko kununua viatu. Mwanafunzi hujaza machaguo yake akiwa bado shuleni, kabla ya mtihani. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo wake wa mtandaoni, Selform, ili wanaotaka kubadili tahasusi au vyuo wabadili. Dirisha hilo huwa la wiki chache, na wapo wanaosikia habari zake likishafungwa. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 49 mpya, zikafanya jumla ya 65, hivyo kaka aliyemaliza miaka ya nyuma si mshauri wa kutosha tena katika jambo hili. Zile herufi tatu tatu alizozijua ni sehemu ndogo ya orodha.

Ushauri wangu ni kuanza mwisho. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila kozi ya kila chuo inataka masomo gani. Unapatikana bure mtandaoni. Kaeni nao jioni moja, mzazi na mtoto, mtafute kozi tatu ambazo kijana angezipenda, mtazame zinataka nini. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Bailojia, hilo halina mjadala. Lakini wengi wanaosukumwa PCB kwa jina la udaktari wana C ya 46 ya Fizikia na mapenzi ya kweli na Jiografia, na kuna kozi za maana za mazingira, ardhi na kilimo ambazo CBG ingewafikisha wakiwa na alama nzuri. Baba anayetaka daktari nyumbani namheshimu; aulize tu kama anataka daktari au anataka kusema ana mtoto PCB. Na kidato cha tano chenyewe si njia pekee. Vyuo vya ufundi na vya afya vinachukua wa kidato cha nne, na kuna vijana ambao stashahada itawafikisha chuo kikuu wakiwa tayari wana kazi mkononi.

Ratiba? Desemba nisingeigusa. Kijana ametoka kwenye miaka minne na mtihani wa kitaifa, alale, aende kwa bibi, acheze mpira. Kuanzia Januari saa tatu kwa siku zinatosha, siku tano kwa wiki, zikiwa ni saa zilezile na familia nzima ikizijua. Hili la mwisho ndilo gumu. Mzazi ambaye hatoi ada ya tuisheni anaweza kutoa saa tatu ambazo mtoto hatumwi dukani, na kwa binti zawadi hiyo ni kubwa kuliko ada. Saa nyingine za siku afanye kazi. Duka, shamba, kozi fupi ya VETA, kujifunza kuchapa kwenye kompyuta, vyote ni vyema, na aliyeshika hesabu za duka miezi minne hatishwi na asilimia. Miezi ya Januari hadi Machi iwe ya kurudi nyuma, na kuanzia Aprili ndipo aanze kuchungulia mada za kwanza za kidato cha tano, mbili au tatu kwa kila somo, polepole.

Vitabu vipo kuliko watu wanavyodhani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na karatasi za mitihani iliyopita hazikosekani. Mikoani kuna maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba, nyingine zikiwa na vitabu vya zamani vya Fizikia kama Nelkon na Parker ambavyo umri haujaviondolea thamani. Sheria za Newton hazijabadilishwa. Chanzo ninachokipenda zaidi, hata hivyo, kinafika mtaani Mei. Ni mhitimu wa kidato cha sita aliyemaliza mtihani na anasubiri matokeo au wito wa JKT. Ana vitabu vya kuuza nusu bei au kugawa, ana kaunta buku zilizojaa, na kichwa chake bado kina moto. Mwombe akufundishe mada moja, ile iliyomtesa. Notsi zake zichukue kwa tahadhari. Ziliandikwa na mtu aliyekuwa darasani kwa ajili ya mtu aliyekuwa darasani, na vifupisho vyake anavijua mwenyewe.

Orodha ikishatoka na fomu ya maelekezo ikipatikana, itataka godoro, ndoo, reki, jembe, fagio, sare, na mara nyingine rimu za karatasi. Familia hujitahidi kuvikamilisha, na pesa huisha hapo. Kwa mwanafunzi wa sayansi naomba kitu kimoja kitangulie: kikokotoo cha kisayansi kisichoweza kuprogramiwa. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne haukiruhusu, kwa hiyo wengi hufika kidato cha tano hawajakizoea, wakati Hisabati ya juu inakiruhusu na kuanza nacho. Kinunuliwe Aprili, kwa muuzaji anayekubali kukibadilisha, maana nakala bandia ziko sokoni na hukosea hesabu kimyakimya. Mwenye nacho ajifunze kukirudisha kutoka radiani kwenda digrii bila kuangalia karatasi ya maelekezo. Kila anapokiwasha aandike sin 30. Kikitoa 0.5, kiko kwenye digrii, kikitoa −0.988, kiko kwenye radiani, na swali zima la mawimbi lilikuwa linakwenda kupotea.